UZI: Postikadi za kale za Unguja zilizotiwa rangi, na mkono uliozipaka bila kuuona mji

KashaLaMama (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu wote. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa moyoni muda mrefu.

Mama alipofariki, sisi watoto tulifungua kasha lake la mbao lenye njumu za shaba. Chini kabisa, ndani ya kipande cha kanga, tulikuta postikadi 11. Alizirithi kwa mama yake mkubwa, ambaye mumewe alikuwa karani bandarini. Ndugu zangu walichukua picha za familia, mimi nikaomba hizi.

Karibu zote ni za mji wa Unguja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na moja ndiyo iliyonikamata. Mji unatazamwa kutoka baharini: Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani, katikati, mashua mbele, bendera nyekundu ya Sultani juu. Anga nyuma ya mapaa lina rangi ya embe lililoiva, linapanda taratibu mpaka linakuwa buluu nyepesi. Kuta ni za waridi. Maji ni kijani cha chupa. Ukiishika kwa mbali ni mchoro wa rangi za maji, utadhani mtu alikaa kwenye ngalawa na brashi zake. Ukiisogeza machoni unahesabu nguzo za roshani moja moja na kamba za mashua, kwa sababu chini ya rangi kuna picha ya kamera. Vitu viwili hivyo vimelala kwenye karatasi moja ya sentimita 9 kwa 14, na hakuna kilichomfuta mwenzake.

Nikaazima kioo cha kukuzia kwa sonara mmoja jirani yangu. Nina nakala mbili za kadi hiyo hiyo. Katika ya kwanza wekundu wa bendera umevuka ukingo upande wa kulia, kama unene wa unywele. Katika ya pili umevuka juu. Hapo nikaweka kioo chini kwanza. Mashine ingekosea mahali pale pale kila mara. Hapa kuna mtu aliyelaza karatasi yenye tundu juu ya kadi, akapitisha brashi, akaondoa, akachukua kadi nyingine. Viwanda vya Ulaya vilivyofanya kazi hii vilijaa wanawake waliokaa mezani, kila mmoja na rangi yake: huyu anga, yule miti, yule mapaa.

Na kwa nini anga ndilo linalopendeza kuliko vyote? Sababu ni ya kifundi. Sahani za kioo za wapiga picha wa wakati ule ziliuona sana mwanga wa buluu na karibu hazikuuona mwekundu. Anga la buluu lilitoka jeupe tupu, kitambaa chekundu kikatoka cheusi. Kwa hiyo aliyeletewa picha aipake alikuta theluthi nzima ya juu haina kitu. Kwenye majengo ilibidi afuate mistari. Kwenye anga alikuwa huru, na uhuru wake unaonekana mpaka leo.

Picha zenyewe zilipigwa na watu waliouishi mji. Jina la A. C. Gomes, Mgoa aliyefungua studio Unguja katika karne ya 19, liko kwenye kadi nyingi mno. Wapo ndugu wa Coutinho, yupo P. de Lord. Waliwauzia abiria wa meli walioshuka kwa saa chache. Lakini kadi nyingi za rangi za zama zile, za karibu dunia nzima, zilichapwa Ujerumani, hasa Saxony na Berlin. Picha nyeusi na nyeupe ilisafiri kwenda huko, ikarudi ina rangi. Mpiga picha aliweza kuandika maelezo machache, kwamba bendera ni nyekundu au ukuta ni mweupe. Palipobaki, mpakaji alijaza kwa dunia aliyoijua yeye. Kwenye kadi yangu nyingine mapaa ya makuti ya mtaa wa Ng'ambo yamepakwa wekundu wa vigae, kama nyumba za kijiji cha Ujerumani. Minazi imepewa kijani cha giza cha misonobari.

Ninachotaka kusema ni hiki: rangi ya kadi hizi msiichukue kama ushahidi wa mji, wala msiitupe kwa kuiita uongo. Ni uchoraji. Mtu asiyewahi kunusa karafuu za mtaa wetu wa Malindi aliutazama mji wetu kwa saa nyingi kuliko abiria aliyeinunua kadi, akaamua kuta zetu zing'ae. Karibuni tuzungumze, na mwenye kadi azilete.

NdiaKuu_Mvita

Ahsante sana ndugu yangu, umenikumbusha albamu ya babu. Hapa kwetu Mombasa kadi zinazotafutwa ni za matroli. Wageni wengi hawajui kwamba kabla magari hayajazoeleka, mji huu ulikuwa na reli nyembamba zilizopita njiani, na juu yake vigari vyenye kibanda cha turubai, vikisukumwa na watu kwa miguu. Wakubwa walikuwa na vyao, kama watu walivyo na magari leo.

Ninayo moja ya Ndia Kuu, chini yake imeandikwa Vasco da Gama Street, jina la wakoloni. Turubai la troli limepakwa milia ya njano na nyeupe, safi kabisa. Lakini wale wanaume wawili wanaosukuma hawakupakwa kitu. Kanzu zao, ngozi zao, vyote vimeachwa vile vile vya kijivu. Barabara imepakwa, ukuta umepakwa, hadi mbuzi amepakwa. Mimi hilo linaniuma kila nikiitazama.

KashaLaMama

Kaka wa Mvita, hilo ni jambo zito na nashukuru umelitaja. Nimerudi kuangalia zangu. Kwenye kadi mbili kati ya 11 watu wa mbali wameachwa kijivu hivyo hivyo. Sababu moja ni bei: kila rangi iliyoongezwa ilikuwa kazi nyingine, na walioamuru kadi walichagua wapi pesa iende. Waliamua iende kwenye turubai.

SimuYaMezani

Mkuu mleta mada, somo zuri. Sasa mtu kama mimi nikikuta kadi mnadani nitajuaje kama imepakwa kwa mkono au imechapwa tu kwa rangi?

KashaLaMama

Tafuta kioo cha kukuza mara kumi, hakigharimu sana. Tazama kwanza anga, kisha mahali rangi mbili zinapokutana.

Ukiona vitone vilivyojipanga kwa safu, hiyo ni chapa ya mashine. Ukiona chembe zisizo na mpangilio, kama ngozi iliyokunjamana au udongo wa bwawa uliokauka, umepata kolotaipu. Hiyo ilifanywa kwa kioo kilichopakwa jelatini yenye kemikali. Palipopigwa na mwanga jelatini iligumu na kushika wino, palipokosa mwanga ikabaki na maji na kuukataa. Ndiyo maana vivuli vyake ni laini, havina vitone. Kolotaipu nyeusi iliyopakwa rangi juu yake kwa mkono, hiyo ndiyo ninayoipenda mimi. Inamishe kadi chini ya taa, utaona rangi imekaa juu ya karatasi, mahali pengine nzito, pengine brashi ilikuwa inakauka.

Halafu ipo fotokromu, iliyobuniwa Zürich katika miaka ya 1880 na Hans Jakob Schmid. Huko walitumia mawe ya chapa, jiwe moja kwa kila rangi, mawe sita na kuzidi, mara nyingi zaidi ya kumi kwa picha moja. Miji kama Algiers na Tunis ilipata bahati hiyo. Zinapendeza mno, ila mkono wa mtu mmoja mmoja hauonekani.

Tarehe nayo inasomeka. Geuza nyuma: ikiwa upande mzima ni wa anwani tu, bila mstari katikati, kadi ni ya mtindo wa kabla ya Waingereza kuruhusu mgongo uliogawanywa mwaka 1902. Kabla ya hapo ujumbe uliandikwa mbele, pembeni mwa picha, ndiyo maana utaona wino umeparamia mpaka angani. Kwa Unguja tunayo bahati nyingine, majengo yenyewe ni kalenda. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883. Mnara wa taa ulisimama mbele, peke yake, mpaka Waingereza walipopiga mizinga tarehe 27 Agosti 1896. Baada ya hapo saa na mnara vikaunganishwa na jengo lenyewe. Ukiona mnara umejitenga, picha ni ya kabla ya vita vile. Ukiona reli barabarani, ni ya baada ya treni ya Bububu kuanza 1905. Na stempu ikiwa ya senti badala ya anna, ile sarafu ya Kihindi, kadi imetumwa 1908 au baadaye.

MkunaziniBinti

Assalaam alaykum. Kaka mleta uzi, nakubaliana nawe kuhusu majengo. Lakini nisingependa tupite bila kugusa zile kadi nyingine, maana kwenye kasha lako bila shaka zimo. Wanawake waliokaa studio, kanga kifuani, chini imeandikwa "mwanamke wa Kiswahili" au "mrembo wa Zanzibar", jina hana. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Wengi wa wanawake wale walizaliwa kabla ya hapo. Nani alimuuliza yule dada kama anataka kupelekwa Leipzig apakwe midomo? Rangi ya ukuta hainidhuru. Rangi ya shavu lake inanidhuru.

KashaLaMama

Wa alaykum salaam, dada yangu. Zimo mbili. Sikuziweka kwenye uzi kwa sababu hiyo hiyo, na sitaziweka.

Nitakueleza ninachokiona kwenye moja, kisha uamue wewe. Mwanamke amesimama, mkono mmoja juu ya kiti cha studio. Kanga yake, ambayo kwenye picha ya chini ina maua madogo madogo na pindo, imefunikwa na wekundu mmoja mzito. Maua hayaonekani tena bila kioo. Yeye aliamka asubuhi akachagua nguo ya kwenda kupigwa picha, au alichaguliwa, sijui. Kazi ya aliyeifuma na aliyeichapa kanga, na chaguo lake yeye, vyote vimezama chini ya brashi moja. Hapo siuoni uzuri. Kwa hiyo tofauti unayoitaja ni ya kweli: anga lilikuwa tupu, likajazwa. Kanga haikuwa tupu.

MkunaziniBinti

Hapo umesema. Naomba basi ukiziskani, andika hayo ya maua yaliyofunikwa. Wengine wajue pa kutazama.

KashaLaMama

Nitafanya hivyo, in shaa Allah.

Kivukoni_Mzee

Vijana, nami nichangie kidogo ya Dar es Salaam. Enzi za Mjerumani kadi za mji wetu zilitolewa na wapiga picha wa hapa hapa, C. Vincenti na Walther Dobbertin. Nimezitazama nyingi. Jambo linalonivutia ni kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa 1898 hadi 1902. Paa lake kwenye kadi ni jekundu la vigae, na kweli ni la vigae vyekundu, mpaka leo ukipita baharini unaliona. Mpakaji wa Kijerumani alipata jengo la Kijerumani, akapatia. Akigeukia mtaa wa wenyeji kwenye kadi inayofuata, anaanza kubahatisha. Kwa hiyo ukitaka kujua alichokijua na asichokijua, weka kadi mbili pamoja.

Na kuna za mwezi. Picha ile ile ya mchana, wamefunika buluu ya usiku, wakachora mwezi mviringo juu ya bandari na kutia njano madirishani. Ukitazama vizuri vivuli vya minazi ni vya jua la mchana. Miji mingi duniani ilifanyiwa hivyo, Wamarekani ndio waliozidisha. Nilipokuwa kijana niliamini kabisa kwamba kuna mpiga picha aliyekesha ufukweni.

KashaLaMama

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kuweka kadi mbili pamoja nalichukua, sikuwahi kulifikiria. Na kadi za mwezi mimi nazipenda hata baada ya kujua. Zile taa za njano madirishani, kila moja ni mguso mmoja wa brashi. Mtu alikaa akawasha taa kwenye nyumba zetu moja baada ya nyingine.

TekiBongo

Wakuu, siku hizi kuna programu za akili bandia, unaweka picha inatoa rangi halisi kabisa. Si bora mkuu aziskani, azitoe hizo rangi za kubahatisha, kisha aziweke rangi sahihi? Naweza kusaidia bure.

KashaLaMama

Nashukuru kwa moyo wako ndugu, najua unataka kusaidia. Lakini hapana, na naomba nieleze kwa nini.

Programu hiyo haikuwahi kufika Unguja mwaka 1905 kama vile mpakaji wa Saxony hakuwahi kufika. Nayo inabahatisha. Tofauti ni kwamba yeye alibahatisha mbele ya macho yako: unaona brashi ilipovuka mstari, unaona alipochoka, unajua wapi kamera inaishia na wapi mkono unaanza. Programu inaficha mshono huo. Mtoto wako ataitazama atadhani ndivyo ilivyokuwa. Na ukifuta lile anga la embe ndani ya faili, umefuta kazi ya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote, na alama pekee aliyoiacha duniani huenda ni wekundu uliovuka ukingo wa bendera.

Ukitaka kusaidia kweli, nisaidie kuskani kama zilivyo, mbele na nyuma, madoa yakiwemo. Kadi ikiwekewa rula na kipande cha karatasi nyeupe pembeni, anayeitazama baadaye atajua karatasi imegeuka njano kiasi gani.

TekiBongo

Nimekuelewa mkuu. Skana ninayo ya A3, nitakuja inbox tupange.

Mama_Nasra

Samahani nauliza nje kidogo ya mada. Mimi ninazo nne za Lamu za marehemu baba. Zimeanza kufanya madoa ya kahawia. Nizipeleke zikafungwe plastiki ya moto?

KashaLaMama

Mama Nasra, tafadhali sana, usizifunge plastiki ya moto! Mimi nilifanya kosa hilo kabla sijajua lolote. Nilipeleka kadi moja kwenye duka la picha mjini, wakaipitisha kwenye mashine. Joto liliikunja kadi, na rangi ya maji ikayeyukia kwenye gundi. Ilikuwa kadi ya daraja la Darajani wakati maji ya Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari, bado yanaingia mpaka chini yake, kabla hayajafukiwa. Maji yale yalikuwa yamepakwa kwa buluu tatu tofauti. Sasa ni doa moja. Haiwezi kutolewa tena.

Madoa yako ni unyevu wa pwani. Ziweke mahali pakavu penye hewa, mbali na ukuta wa nje na mbali na jiko. Usizifute kwa kitambaa chenye maji, rangi za mkono zinatoka mara moja. Zile albamu za plastiki laini yenye harufu kali ziepuke, zinatoa mvuke unaokula karatasi. Mifuko ya polipropilini au poliesta ni salama, na bahasha ya karatasi isiyo na asidi ni salama pia. Ukitaka kuandika nyuma, tumia penseli laini. Na usizitundike sebuleni penye mwanga. Nyingi zilipakwa rangi za kemikali za anilini ambazo hazistahimili jua, na waridi na wekundu ndio wa kwanza kupotea. Ukikuta kadi ya kale imebaki buluu na njano tu, usidhani ndivyo ilivyopakwa. Ilikaa dirishani.

Mama_Nasra

Mungu akulipe. Nilikuwa nimeshazitia kwenye mkoba nizipeleke leo.

MatrahMpaka_Malindi

Salaam kutoka Muscat. Familia yetu ilitoka Unguja 1964 na bibi alibeba kadi mbili tu, kwa hiyo uzi huu nimeusoma wote mara mbili. Nina swali moja kuhusu ile kadi yako ya kwanza. Una hakika anga la embe ni ndoto ya mpakaji? Beit al-Ajaib inatazama baharini, magharibi. Jua la alasiri linaipiga usoni. Bibi husema kuta zilikuwa "zinaona haya" wakati wa magharibi. Tazama vivuli chini ya roshani.

KashaLaMama

Ndugu wa Muscat, swali lako limeninyima usingizi. Nimetazama vivuli: ni virefu, vinashuka mbali chini ya roshani, na uso wa jengo una mwanga. Maana yake jua limeshapinduka lakini bado liko juu, labda saa nane, saa tisa. Si magharibi.

Ila sikutaka kujibu kwa kukisia. Nina safari ya Unguja Ijumaa, nitakwenda na nakala ya kadi nisimame Forodhani.

KashaLaMama (siku tano baadaye)

Nimerudi, wakuu.

Nilipanda ngalawa ya mvuvi kutoka ufukweni saa tisa alasiri, kwa sababu picha ilipigwa kutoka majini. Beit al-Ajaib ya leo mnajua hali yake: sehemu kubwa ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mnara ukaenda nayo, sasa kuna uzio na majukwaa ya mafundi. Kwa hiyo nilitumia nyumba za jirani na Ngome Kongwe. Saa tisa anga nyuma ya mji lilikuwa buluu kavu, kuta nyeupe hadi zinaumiza macho. Mpakaji alikosea.

Nikamwomba mvuvi tusubiri. Alikuwa mzee mpole, akatia nanga, akanipa muhogo wa kuchoma. Saa kumi na mbili kasorobo jua likiwa mgongoni kwetu, kuta zikageuka. Si waridi kamili, ni kama rangi ya ndani ya kombe. Anga nyuma yake halikuwa embe hata kidogo. Lilikuwa kijivu cha buluu na utepe wa zambarau chini, juu ya mapaa. Rangi ya embe ilikuwa upande wa pili, baharini, nyuma yetu sisi tuliokuwa tunatazama.

Nikampa mvuvi kadi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akageuka kutazama jua, akarudi kwenye kadi. Akasema, "Huyu kaliweka jua huku."

Mpe salamu zangu bibi, ndugu wa Muscat. Kuta zinaona haya kweli.